Anza na Siku Yake: Mwongozo Kamili wa Kumtathmini na Kumsaidia Mtu Mwenye Ulemavu na Mahitaji Changamani

Kijana mwenye mtindio wa ubongo, hali inayofanya misuli isimtii vizuri, anakohoa kila anapolishwa, kwa hiyo anakula kidogo. Kwa kula kidogo anakonda, mifupa ya makalio inachomoza, na ngozi inachubuka kwenye kiti chake cha magurudumu. Kwa ajili ya kidonda anaambiwa alale kitandani wiki kadhaa, shule inakatika, na mama yake anaacha kazi ili abaki kumgeuza. Daktari anatibu kidonda. Mtaalamu wa lishe anashauri chakula chenye nguvu zaidi. Mwalimu anaandika kwamba mwanafunzi ni mtoro. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na baada ya miezi mitatu kidonda kimerudi palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa nini anakohoa.

Hayo ndiyo mahitaji changamani. Usiyapime kwa wingi wake: mtu anaweza kuwa na matatizo matano yasiyogusana, na kila moja likashughulikiwa peke yake. Uchangamani huanza pale tatizo moja linapolisha jingine. Kazi ya anayetathmini ni kulitafuta fundo, lile ambalo likifunguliwa mengine yanalegea. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, walimu na watoa tiba, na zaidi kwa ndugu wanaolea nyumbani. Hao ndio watathmini wa kwanza, hata kama hakuna aliyewahi kuwaita hivyo.

Kabla ya hatua yoyote: unatathmini nini?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika 2008, hauuweki ulemavu ndani ya mwili wa mtu peke yake. Unauona ukizaliwa pale mtu mwenye upungufu wa mwili, akili, afya ya akili au milango ya fahamu anapokutana na vizuizi vinavyomnyima kushiriki sawa na wenzake. Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya, uliotolewa 2001, unafuata njia hiyohiyo: unatazama mwili, shughuli, ushiriki katika maisha, na mazingira yanayomzunguka mtu.

Katika mfumo huo kuna maneno mawili ninayotamani kila mtathmini ayabebe kichwani: uwezo na utendaji. Uwezo ni kile mtu anachoweza kufanya akipewa nafasi. Utendaji ni kile anachofanya kweli katika maisha yake ya kila siku. Binti anayeweza kuvaa mwenyewe kwa dakika 40, lakini kila asubuhi anavishwa kwa dakika 5 kwa sababu gari la shule halisubiri, ana uwezo ambao siku yake haimruhusu kuutumia. Ukiandika "anavishwa" ukaishia hapo, umeandika ukweli uliomficha. Pengo kati ya hayo mawili ndipo msaada mwingi wa bei nafuu unapopatikana: kifungo kinachobadilishwa kuwa zipu, nguo inayopangwa usiku, dakika 15 za kuamka mapema siku mbili kwa wiki.

Hatua ya kwanza: andaa kikao kabla ya kukutana

Muulize mtu mwenyewe, au anayemfahamu vizuri, ni saa ngapi za siku anakuwa na nguvu. Mwenye ugonjwa unaochosha, au anayetumia dawa za kifafa zinazomletea usingizi asubuhi, ataonekana mwingine kabisa saa nne na saa kumi. Hakikisha miwani imesafishwa na iko usoni, shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) lina betri inayofanya kazi, na kiti anachokalia ni chake. Vipimo vingi vya "uelewa hafifu" vimefanywa kwa mtu asiyesikia maswali.

Kama anatumia lugha ya alama, tafuta mkalimani aliyefunzwa. Usimtumie mtoto wa familia. Hakuna mtoto anayepaswa kumtafsiria mama yake habari za haja kubwa, za ndoa au za huzuni, na hakuna mama atakayezisema zote kupitia kinywa cha mwanawe.

Eleza umekuja kufanya nini, nani atasoma utakachoandika, na kwamba anaweza kukataa swali lolote. Ridhaa ni yake kwanza. Ndugu anaweza kuongeza maelezo, lakini maelezo yake hayachukui nafasi ya ridhaa ya mwenye mwili.

Soma faili lake, kisha lifunge. Faili hukumbuka makosa muda mrefu kuliko watu. Neno "hawezi" lililoandikwa akiwa na miaka 6 laweza kunakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti mpaka afike miaka 30 bila mtu yeyote kulijaribu tena.

Hatua ya pili: jua anavyosema, ndipo uulize

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ikirukwa zote zinazofuata zinapinda.

Tafuta "ndiyo" yake na "hapana" yake. Kwa mwingine ni neno. Kwa mwingine ni macho kuinuka juu, mkono kukunja, sauti fulani, au kugeuza uso. Ukishadhani umeijua, ijaribu kwa maswali ambayo majibu yake yako wazi kwa wote: "Jina lako ni hili?" Halafu taja jina lisilo lake. Rudia mara kadhaa ukibadili mpangilio. Wapo watu wanaojibu "ndiyo" kwa kila kitu kwa sababu miaka yote "ndiyo" ndiyo iliyowapa amani. Kwa hao uliza kwa kuchagua: "Unataka kukaa ndani au nje?" Kisha geuza: "Nje au ndani?" Kama anachagua la mwisho kila mara, bado hujapata jibu.

Subiri. Ukimaliza swali, hesabu kimya hadi 10 kabla ya kulirudia. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji muda wa kupanga misuli. Mwenye usonji au ulemavu wa akili anahitaji muda wa kuchambua maneno. Swali lililorudiwa kwa maneno mapya baada ya sekunde 3 ni swali jipya, na kazi yake inaanza upya.

Zungumza naye, usizungumze juu yake. Kaa usawa wa macho yake. Kwa mtu asiyeona, jitambulishe kwa jina kila unapoingia na mwambie unapoondoka. Kwa kiziwi asiyeona, gusa taratibu upande wa bega au mkono na uuache mkono wako hapo kidogo, ili ajue kuna mtu na ajue ni nani. Kumshika ghafla au kumvuta kunamtisha kama ambavyo kungekutisha wewe gizani.

Kama hana njia ya kutosha ya kusema, usingoje mashine ya gharama. Ubao wa picha, kadi za alama, herufi zilizoandikwa kwa makundi ambazo anazionyesha kwa macho: hivi vinaweza kuanza wiki hiyohiyo. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kutamka. Zipe familia nafasi ya kuisema hofu hiyo, kisha ziambie wazi kwamba picha na alama hazizuii maneno, na kwa watoto wengi huyasaidia.

Mwishoni mwa hatua hii andika ukurasa mmoja unaobaki kwake: ndiyo yangu ni hivi, hapana yangu ni hivi, nikiumwa nafanya hivi, nikiogopa nisaidie hivi. Karatasi hiyo imfuate hospitalini, shuleni, na kila mahali ambako atakutana na mgeni.

Hatua ya tatu: ipite siku yake, saa kwa saa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo omba upitishwe: anaamka saa ngapi, nani anamwamsha, anatokaje kitandani, choo kikoje, chakula, safari, kazi au masomo, jioni, usiku. Usiku usiuruke. Anageuzwa mara ngapi? Anakoroma na kukatika pumzi? Nani anaamka? Mlezi asiyelala ni sehemu ya tathmini.

Katika kila kituo cha siku uliza mambo manne: anafanya nini mwenyewe, anasaidiwa nini, kinachukua muda gani, na angependa kiweje. Swali la nne ndilo linalobadili mazungumzo. Nimeona tathmini nzima ikigeuka kwa sababu ya mtu mmoja kusema hajali kutembea, anachotaka ni kuingia chooni bila kubebwa na mdogo wake. Timu ilikuwa imetumia miezi kadhaa kwenye mazoezi ya kutembea.

Ikiwezekana, ione siku badala ya kuisikia tu. Tazama mlo mmoja na uhamisho mmoja kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Dakika 30 za kutazama huzidi saa mbili za kujibiwa.

Hatua ya nne: tumia vipimo kwa kazi yake

Kwa kuchuja haraka yapo maswali 6 ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu chini ya Umoja wa Mataifa: kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na shimesikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. "Ugumu mkubwa" kwenye swali hata moja ni dalili ya kuchunguza zaidi. Lakini maswali hayo yalitengenezwa kwa ajili ya sensa na tafiti. Hayaulizi huzuni wala wasiwasi, na hayatoshi kumwelewa mtu mmoja. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 kuna seti nyingine iliyotengenezwa pamoja na UNICEF, nayo ndiyo itumike.

Ukitaka kufuatilia utendaji wa mtu mzima kwa muda, WHODAS 2.0, dodoso la Shirika la Afya Duniani, inauliza kuhusu siku 30 zilizopita katika nyanja 6. Kipimo cha Barthel, cha alama 0 hadi 100, kinafaa kwa shughuli za kujihudumia, hasa baada ya kiharusi. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, GMFCS inapanga uwezo wa mwendo katika ngazi 5, na inasaidia watu wa fani mbalimbali kuelewana kwa neno moja.

Usimpe mtu vipimo vyote. Chagua kimoja au viwili, uandike tarehe, na upime tena kwa kipimo kilekile. Alama isiyorudiwa haina inachokuambia kuhusu mabadiliko. Na kamwe alama isimnyime mtu sauti: ngazi ya 5 ya GMFCS, iliyo nzito zaidi, inaeleza misuli, haielezi akili wala nia.

Hatua ya tano: kagua yanayoumiza na yanayoua

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo uzembe unapogharimu maisha.

Maumivu kwanza. Kuna kosa lina mizizi mirefu hata kwa wataalamu wazuri: kila jambo jipya linabandikwa kwenye ulemavu. Anapiga kichwa chake, "ni usonji." Amekuwa mkimya, "ndivyo walivyo wenye ugonjwa wa Down." Kumbe anayejipiga upande mmoja wa kichwa ana sikio linalouma au jino lililooza. Kumbe mtu mzima mwenye ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili) aliyenyamaza ana tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, au hasikii tena, au amekatika usingizi kwa kubanwa pumzi usiku, au ana sonona. Badiliko lolote la tabia, usingizi au hamu ya kula lichukuliwe kuwa la mwili mpaka mwili ukaguliwe. Orodha yangu ya kwanza huwa fupi: meno, masikio, kukosa choo kikubwa, kiungulia, mkojo, ngozi, nyonga, na dawa mpya.

Kwa asiyeweza kusema anaumwa, kipimo cha FLACC kinatazama uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na jinsi anavyotulizika, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Toleo lake lililoboreshwa linamruhusu mlezi kuongeza dalili za mtu wake, kwa mfano "akiumwa anacheka" au "anashika pumzi". Mwombe mlezi hizo dalili siku mtu akiwa mzima, usingoje usiku wa dharura.

Kumeza. Uliza kama anakohoa au kukabwa wakati wa kula, kama sauti inakuwa na majimaji baada ya kunywa, kama macho yanalengwa machozi, kama mlo unazidi nusu saa, kama anapata homa za kifua mara kwa mara, kama anapungua uzito. Jambo moja la kuliogopa: wapo ambao chakula kinaingia kwenye njia ya hewa bila kikohozi chochote. Kimya si uthibitisho wa usalama. Wakati mnangoja mtaalamu wa kumeza, mkalishe wima, miguu ikiwa na pa kukanyaga, kichwa katikati na kidevu kikiinama kidogo. Anayelisha akae mbele, usawa wa macho, asisimame juu yake, kwa sababu kichwa kikiinuliwa nyuma njia ya hewa inabaki wazi. Kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo kingine. Abaki wima angalau dakika 30 baada ya kula. Na kinywa kisafishwe kila siku hata kama halishwi kwa mdomo, maana uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni huleta nimonia. Kubadili ulaini wa chakula au uzito wa vinywaji kupangwe na mtaalamu. Kuna mfumo wa kimataifa wa ngazi 0 hadi 7, na kila anayemlisha ajue ngazi yake.

Ngozi. Kagua kila siku mahali mfupa unapokaribia ngozi: chini ya mgongo, makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, kisogo, nyuma ya masikio. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono wako kuhisi joto au baridi tofauti na ngozi ya jirani, bonyeza kuona kama pamekuwa pagumu au bonyevu, tafuta rangi iliyogeuka zambarau au nyeusi zaidi. Ukipata dalili, ondoa mgandamizo hapo mara moja. Usisugue wala kukanda. Usiweke mto wenye umbo la pete, kwani unabana damu pembeni. Kitandani, kumgeuza kila saa 2 ni mwanzo mzuri, kisha ngozi yenyewe itakuambia kama muda huo upunguzwe au uongezwe. Kwenye kiti, anayeweza aegemee mbele au pembeni kila dakika 15 hadi 30 na abaki hivyo dakika moja au mbili. Kujiinua kwa sekunde chache hakutoshi kurudisha damu.

Kifafa. Andika aina za mishtuko yake, inachukua muda gani, na nini huichochea. Anapodondoka, linda kichwa, legeza shingoni, mlaze ubavu mishtuko ikipungua, tazama saa. Usitie kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Kama ameandikiwa dawa ya kukatiza, itumike, na gari liitwe.

Uti wa mgongo. Mtu aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu kwa jambo dogo lililo chini ya jeraha, ambalo yeye halihisi: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliokunjika, choo kigumu, hata kucha iliyoingia nyamani. Dalili ni kichwa kupwita vikali, uso kuwaka, jasho juu ya jeraha, pua kuziba. Mketishe wima, usimlaze. Legeza kila kinachobana, kagua mpira na kibofu kwanza, kisha choo. Isiposhuka haraka, mpelekeni hospitali na muwaambie neno kwa neno kwamba huenda ni hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa autonomic dysreflexia, kwa sababu si kila anayempokea ataijua. Hali hii huua kwa kupasua mishipa ya ubongo. Abebe jina lake kwenye kadi.

Hatua ya sita: tabia ni taarifa

Kuuma, kurusha vitu, kukimbia, kujigonga: usianze na namna ya kuzuia. Kwa wiki 2 andikeni safu tatu tu. Kilitangulia nini? Akafanya nini hasa? Kikafuata nini? "Alikuwa mkali" haisaidii. "Redio ilifunguliwa, akaziba masikio, akampiga aliyekaa karibu, redio ikazimwa" inasaidia sana. Mara nyingi tabia inamwondolea mtu jambo analolikimbia, inamletea mtu karibu, inampa kitu anachotaka, au inampa hisia ambayo mwili wake unaihitaji. Ukishajua inafanya kazi gani, mfundishe njia nyingine rahisi zaidi ya kupata jambo lilelile, kwa mfano kadi ya "basi, inatosha", na iheshimuni kila anapoitoa. Kadi ikipuuzwa mara 3, atarudi kwenye njia ambayo haijawahi kupuuzwa. Kumfunga, kumfungia, na dawa za kumlaza ili watu wapumzike, si msaada.

Hatua ya saba: pima nyumba, kiti na njia

Chukua futi. Mlango wa kiti cha magurudumu unahitaji kama sentimita 80 hadi 90 za uwazi. Kugeuza kiti duara zima kunahitaji nafasi ya kama sentimita 150. Njia ya mteremko inayokubalika sana ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Watu hujenga mteremko mfupi kwa nia njema, kisha mtumiaji anashindwa kuupanda na anayemsukuma anateleza.

Kiti chenyewe kipimwe kwa mwili wake. Upana ufuate nyonga, si mkubwa ili "akue nacho": kiti kipana humlaza upande na kupinda mgongo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti kuwe na nafasi ya kama vidole viwili. Miguu ikanyage kikamilifu. Kiti bila mto unaofaa, kwa mtu asiyehisi makalio yake, ni njia ya kidonda. Na asiondoke nacho kabla ya kufundishwa kukitumia, kukisafisha na kujua kitakapotengenezwa. Hili linahusu shimesikio, gongo na kiungo bandia vilevile.

Taa, kelele na alama za njia uzikague pia, hasa kwa wenye uoni hafifu au usonji. Mara nyingi kubadili balbu na kuhamisha kiti dirishani kunatosha.

Hatua ya nane: mketishe mlezi peke yake, na mtu mwenyewe peke yake

Mazungumzo mawili, vyumba viwili. Mlezi muulize analala saa ngapi, mgongo wake ukoje, mara ya mwisho kutoka bila haraka ni lini, na nini kitatokea yeye akiugua. Swali la mwisho huwatoa watu machozi. Ukilileta, uwe na muda wa kukaa nalo. Kisha taja jambo la kweli: nani atashika zamu mchana mmoja kwa wiki. Pole tupu haimpumzishi mtu.

Mtu mwenyewe muulize, kwa njia yake ya kusema, kama kuna anayemwogopa, anayemshika asipotaka, anayechukua fedha zake au kuzuia dawa na chakula. Watu wenye ulemavu wanadhulumiwa zaidi, na mara nyingi na watu ambao wao wenyewe wanawategemea. Ubao wake wa picha uwe na maneno ya sehemu za siri, maumivu na "sitaki". Ubao usio na maneno hayo unamnyang'anya ushahidi. Akikueleza jambo, usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mweleze utamwambia nani na kwa nini, kisha fuata taratibu za ulinzi mara moja.

Hatua ya tisa: chora fundo

Sasa chukua karatasi kubwa. Andika kila ulichokipata kwenye duara lake, kisha chora mishale: hili linalisha lipi? Ifanyeni kazi hii pamoja na mtu mwenyewe na wanaomhudumia. Duara lenye mishale mingi inayotoka ndilo fundo. Kwa yule kijana wa mwanzo, mishale yote inarudi kwenye mkao wake wakati wa kula. Kiti kinamteleza, kidevu kinapaa, chakula kinaingia njia isiyo yake. Mkanda wa nyonga, pa kukanyagia miguu, na kijiko kidogo, kabla ya chakula chenye nguvu zaidi na kabla ya barua ya utoro.

Pengine mafundo ni mawili. Chagua lililo hatari kwa uhai kwanza, na la pili liwe lile analolitaka yeye mwenyewe, hata kama kwenu linaonekana dogo. Mpango usio na jambo lake hata moja hatauchukulia kuwa wake.

Hatua ya kumi: andika mpango unaotekelezeka

Malengo yasizidi matatu. Kila lengo lieleze siku ya kawaida: "Ataingia na kutoka chooni akisaidiwa na mtu mmoja badala ya wawili, kufikia mwezi wa tatu." Pembeni andika nani anafanya nini, lini, kwa fedha ipi. "Timu itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia; andika jina. Awepo mratibu mmoja ambaye familia inampigia, kwa sababu familia nyingi zina mikutano na wataalamu saba na hakuna hata mmoja anayejua ya wengine sita.

Njia nzuri ya kupima lengo ni kukubaliana mapema ngazi tano: 0 ni lile lililotarajiwa, +1 na +2 ni zaidi, -1 na -2 ni pungufu. Hivyo hata hatua ndogo inaonekana, na hakuna wa kulaumiwa kwa ndoto iliyokuwa kubwa mno.

Maamuzi yabaki yake. Ibara ya 12 ya Mkataba inadai msaada wa kuamua, si mtu wa kuamua badala yake. Maelezo rahisi, picha, kutembelea mahali kabla ya kuhamia, muda wa kufikiri, mtu anayemwamini kando yake. Akichagua jambo lenye hatari kidogo, kama kutoka peke yake hadi mwisho wa barabara, punguzeni hatari kwa simu, mazoezi na muda wa kurudi, badala ya kumfungia mlango. Sote tunaishi na hatari tulizozichagua.

Soma mpango mbele yake kwa sauti, au kwa lugha ya alama, au kwa picha, na umwachie nakala anayoweza kuisoma: nukta nundu, maandishi makubwa, sauti iliyorekodiwa.

Hatua ya kumi na moja: rudi

Piga simu wiki ya pili. Vifaa vingi huwekwa kando katika wiki za mwanzo kwa sababu ndogo: skrubu iliyolegea, mkanda unaochuna, mtoto wa nyumbani anayeogopa kifaa. Baada ya wiki 6 hadi 12, rudia kipimo kilekile, tazama mlo uleule, kagua ngozi ileile. Kisha panga tarehe za kurudi kulingana na maisha yake: mtoto anayekua kiti kinambana ndani ya mwaka, kijana anayemaliza shule hupoteza huduma nyingi kwa mara moja, kwa hiyo maandalizi yaanze miaka miwili kabla, mtu mzima mwenye ugonjwa wa Down anaweza kupata maradhi ya kusahau mapema kuliko wengine, hivyo andika mapema anavyofanya mambo akiwa mzima ili badiliko lionekane. Mlezi akizeeka, msingoje aanguke.

Lengo likiwa limekwama, usiandike "hakushirikiana". Rudi kwenye ile karatasi ya mishale, mwulize yeye, na mtafute duara ambalo hamkulichora.